Miti Aliyoipanda Baba kwa Siri

Jumamosi ile naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na sijui kama hilo ni jambo la kuchekesha.

Nilikuwa msichana mkubwa, bado niko kwa wazazi. Nyumba yetu ilikuwa Gihosha, chini kabisa ya hifadhi, pale mlima unapoishia na njia ya waenda kwa miguu inaposhuka kwenda mjini. Njia ile ilikuwa imenyooka kutoka juu hadi chini, kwa sababu watu wa kwetu wana haraka. Kila masika maji yaliifuata, yakaichimba, na korongo likawa linasogelea ukuta wetu wa nyuma.

Baba yangu, fundi wa magari na mtu wa swala tano, aliliona hilo mapema. Alfajiri akitoka msikitini hakurudi kulala. Alipanda mlimani na jembe, akaipinda njia huku na huku ili maji yapoteze nguvu kabla ya kutufikia. Pembeni akapanda yale yaliyokuwa ya mlima wenyewe tangu zamani: miti ya misave na mirinzi, na nyasi za ishinge zenye mizizi ya kushika udongo. Hakumwambia mtu. Kazi ile aliihesabu kuwa sadaka, na kwa wazee wetu Waislamu, sadaka ukiitangaza umeiharibu. Mimi nilijua kwa sababu ndimi niliyefua kanzu zake zenye matope, nikakatazwa kusema. Miche ikafika magotini. Wapita njia waliona tu kwamba safari imekuwa ndefu, wakasonya, wakaenda zao.

Basi Jumamosi ile ya kazi za pamoja, mkuu wa zoni alituambia kuna mgeni mkubwa atakayeitembelea hifadhi, mlima uwe safi. Unajua kwetu safi ni nini: udongo mtupu, jembe lipite hata jani lisibaki. Mtaa mzima ulipanda, nasi tukiwemo. Mama Goreti, jirani yetu mwema aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, ndiye aliyeifikia ishinge ya kwanza. Nilifungua mdomo. Baba akanishika mkono, akaubana mpaka ukauma, akasema kwa sauti ya chini, "Nyamaza. Mungu anaona."

Mungu aliona, ndiyo. Wenye majembe hawakuona. Kabla jua halijawa kali mlima ulikuwa umenyolewa, na njia imenyooshwa tena ili mgeni asichoke. Mgeni mwenyewe hakuja.

Mvua ilikuja. Ilichukua choo, halafu jiko, halafu chumba cha wazazi, mchana kweupe, sisi tumesimama barabarani na magodoro kichwani. Mama Goreti alilia kama amefiwa.

"Mzee, juu ya nini haukutuambia? Mi nilizani ni mayani tu! Kama tungejua, nani angeigusa?"

"Sadaka apana ya kutangaza, mama," baba akamjibu.

Jibu lile liliniuma kuliko nyumba, maana yule mama alisema kweli. Baba alifia mtaa wa Ngagara, kwenye chumba cha nyuma kwa mdogo wake, mtu aliyejenga kwa mikono yake akifa mgeni. Nilimpenda, nampenda, na hasira naye sijaimaliza. Wananiambia marehemu hasemwi hivyo. Mimi namsema.

Sasa nasikia ninyi vijana wa chuo mnairudisha miti ya asili kwenye mlima ule ule. Juzi nilipanda kuangalia, magoti yakinitukana njia nzima. Njia mmeipinda vizuri, na miche imeshika. Niliposhuka nikamuuliza mama anayeuza avoka pale chini, ni nini kimepandwa huko juu.

"Siyui, mama. Ni mayani. Batoto ba chuo balikuja, bakachimba, bakaenda."

Nilikaa juu ya jiwe nikalia, na yule mama akadhani ni uchovu, akanipa maji.

Nisikilize basi, mwanangu. Kabla hujapanda mche mwingine, shuka ukaongee na watu wanaoshika jembe Jumamosi. Mwonyeshe yule muuza avoka, mwambie huu ni musave, kisha mpe mmoja aupande kwa mkono wake. Waeleze kwa nini njia inazunguka, hata wakikusonya. Na siku ya kusafisha usibaki chuoni. Simama pale, useme kwa sauti mbele ya mkubwa yeyote, hata kama mzazi wako amekubana mkono. Sadaka ya mfukoni ifiche upendavyo, lakini mche uliofichwa hauna wa kuutetea.

Mungu akujalie mvua ya polepole, akupe afya, akuzungushie majirani wanaoijua miti yako kwa majina. Baba yangu alikuwa na majirani wema, mwanangu. Majina tu ndiyo hakuwapa. Amina.