Kete Iliyotangulia Dalili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya kata ya Keza, Mganga Mfawidhi alinikabidhi mabango ya dalili za hatari kwa wajawazito: kutokwa damu, degedege, kuvimba uso. Nilikuwa nesi mkunga, nimetoka chuo juzi tu. Kila Jumanne niliyasoma, akina mama wakaitikia kwa pamoja, kisha wakarudi makwao. Siku ya hatari bado walitufikia wamechelewa.

Nilipochoka kuitikiwa, nilichana boksi la glovu nikachora njia yenye vyumba, kutoka nyumbani hadi hospitali. Vizibo vya soda vikawa kete. Nikaandika kadi za dalili: ukiokota kadi ukaitambua dalili, unarusha dadu na kuanza safari. Mganga Mfawidhi aliligeuzageuza lile boksi, akasema, "Jaribu. Ukiona wanasinzia, rudi kwenye mabango."

Jaribio la kwanza lilinifurahisha mno. Walicheza wanne, wote wakafika hospitali wakicheka. Pembeni alikaa Bibi Anastazia, aliyezalisha wanawake wa pale kabla zahanati haijajengwa. Nilimwamkia, nikamwuliza ameuonaje mchezo.

"Mwanangu, huyu mjamzito wako hana mume wa kumwomba ruhusa, wala hanyeshewi na mvua. Sisi hatumjui."

Nilimwomba anisaidie. Alitaja vikwazo, nikaviandika kwenye kadi: mvua imekata njia, pikipiki haipatikani, mume hayupo. Jumanne iliyofuata walicheza tena, hakufika hospitali hata mmoja. Wanawake wakabaki wanakitazama kile kipande cha boksi.

Mmoja wa wachezaji, Joselina, alikuwa hajaokota kadi. Ile ilikuwa mimba yake ya tatu. Mtoto wa pili alimpoteza njiani, akipelekwa hospitali. Akaniuliza polepole, "Nesi, kuna sheria inayokataza kuondoka kabla ya dalili?"

Nilizipitia sheria zangu zote. Haikuwepo. Akasogeza kete.

Majuma machache kabla ya siku zake za kujifungua alihamia kwa dada yake, karibu na hospitali. Uchungu ulipoanza, damu ilimtoka nyingi, kwani kondo la nyuma lilikuwa limetangulia mtoto. Alipasuliwa siku hiyohiyo, wakapona wote wawili. Mumewe ndiye aliyetuletea habari. Alisimama mbele ya lile boksi, kofia mkononi, akalitazama kwa muda mrefu bila kuligusa. Mganga Mfawidhi hakunitajia mabango tena.

Baadaye nilihamishiwa Nemba, Biharamulo. Mratibu wa afya ya uzazi wa wilaya alitaka mchezo uleule wa Keza. Nilimwomba niujaribu upya, maana huko kuna wafugaji wa Kisukuma. Kweli, mama mmoja aliniambia kwamba baba akihama na ng'ombe, simu yake haishiki mtandao. Nikaandika kadi nyingine.

Sasa nimestaafu. Wauguzi vijana wakiniuliza namna ya kutunga mchezo, nawaambia wawaache wachezaji wauharibu, wao wakae wakiandika. Ukunga niliusomea. Zile sheria nilizitunga kwa mkono wangu, nikakaa nazo mwezi mzima, na sikujua kwamba mlango ule aliouona Joselina ulikuwa wazi.