Mikono ya Mtoa Damu

Mwenye chuo alimdanganya binti wa watu. Alimwapia kwamba akipata cheti cha kutoa wagonjwa damu ya vipimo, mshahara utalipa mkopo wa ada na kubaki. Sasa akishakatwa mkopo, anabakiwa na nauli na chakula cha kubabaisha. Bi Mahbuba, jirani yake hapo mtaani Wadi Kabir, aliuza bangili zake kumwongezea ada, na hasira haijamtoka. Lakini kila aendapo kupimwa sukari kliniki anakofanya kazi binti, humsubiri yeye tu. Binti husugua viganja mpaka vipate moto ndipo amshike, hunong'ona bismillahi, na sindano huingia bila ya Bi Mahbuba kujua.

"Khalti," humwita kama mama yake mdogo, "usiangalie sindano. Niangalie mimi."

"Nikuangalie una nini? Umekonda kama uzi!"

Leo alipokuwa akimkandamizia pamba, kidole gumba chake kiliteremka hadi kwenye kifundo cha mkono, pale bangili zilipozoea kulia, kikapasugua polepole.

"Mwezi huu nitaanza kukulipa, khalti. Kazini nitakuja kwa miguu."

Bi Mahbuba akaufunika mkono ule kwa wake. "Kwa jua hili? Panda teksi, mwanangu. Bangili zangu nnamdai mwenye chuo, na ujana wako pia."