Lita Moja ya Unga

Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo aibu hii sina wa kumsingizia. Wakwe zangu walikuwa wanakuja kwetu Kinyinya kumpa mtoto jina, nami nikajitapa kwamba keki nitaoka mwenyewe. Maelezo yalitaka kilo moja ya unga.

"Mwalimu, mizani iko kwa jirani, kaazime," mke wangu akasema.

Nikamcheka. Lita ya maji si kilo moja? Nikajaza unga kwenye jagi la lita, nikaongeza maziwa na mayai kama ilivyoandikwa.

Mbele ya wageni nikakata keki. Katikati ikatiririka hadi kwenye kitambaa cha meza. Mama mkwe akaitazama kwa heshima, kisha akamgeukia binti yake.

"Mwanangu, rudisha sahani. Tuletee vikombe."