Lango Linalopiga Kelele Bila Mgeni

Déogratias ni zamu, yaani mlinzi wa lango, kwenye jumba moja la Nyalukemba, mtaa wa matajiri wa Bukavu, ambalo bustani yake inateremka hadi ziwani. Zamani alichimba dhahabu Luhwindja, mpaka siku shimo lilipowafunika wenzake, yeye akiwa ametoka kwenda kukojoa. Huwa anasema kibofu chake ndicho malaika wake mlinzi, na padri hapendi kusikia hivyo. Akashuka Bukavu, akamwoa Martine, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, mwenye mdomo mkali kuliko pilipili anayoiuza pamoja nao. Tangu hapo kazi yake ni moja: anayegonga, amtazame, aamue kama ataingia.

Mtu akiifanya kazi hiyo miaka mingi, huanza kuona malango kila mahali. Hilo ndilo lililomponza.

Martine alipoota uvimbe kwenye titi la kushoto, hospitalini walikata kipande kidogo kikapelekwa nje ya nchi kupimwa. Jibu liliporudi, daktari Elodie aliwaelezea kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili kilichokuwa tayari kinamkimbilia mgonjwa anayefuata. Mwilini, alisema, kuna wajumbe wa ukuaji. Kila seli ina vipokezi kwenye ukuta wake wa nje, kama malango. Mjumbe akikishika kipokezi, habari inaingia ndani, inapita mkono kwa mkono hadi kwenye kiini cha seli, na huko amri inatoka: kua, gawanyika. Seli za uvimbe wa Martine zilikuwa na malango hayo kupita kiasi. Dawa ya kuyafunga ipo duniani, ila Bukavu haijafika; ameiomba. Wakati wanaingoja, mwezi ujao wataanza na sindano za kawaida za saratani.

Déogratias alisikia wajumbe, akasikia malango, na yaliyobaki hayakumwingia. Njiani kupanda Kadutu, mtaani kwao, alikwishapata jibu. Ni nini kinachomkuza mtoto? Maziwa, mayai, nyama. Basi wajumbe ndio hao, na wanaingilia mdomoni.

Kwenye shirika lao, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, kwa mgonjwa hakupikwi. Wamama wanaleta sufuria kwa zamu, wanasali, wanaimba, na kusema kweli nusu ya chakula wanakila wao. Wa kwanza kufika alikuwa maman Cibalonza, kiongozi wao. Akamkuta Déogratias amesimama mlangoni, miguu imetanuka kama yuko kazini.

"Papa Déo, toka mu mulango. Sufuria inaniunguza."

"Iko nini ndani?"

"Bugali na maziwa ya mashanza. Na kuku kidogo."

"Ile njo inafanyaka mutoto anakomaa, maman. Uvimbe nayo itakomaa."

"Nani alikuambia?"

"Docta."

"Docta alikuambia unyime bibi yako kuku?"

"Alisema kuko bajumbe. Mi niko zamu, najua kazi yangu."

"Unajua kufungulia patroni gari," alisema Cibalonza. "Martine haiko gari."

Akaondoka na sufuria yake. Harufu ya kuku ilibaki kibarazani mpaka jioni, na hiyo Déogratias hakuwa na namna ya kuifukuza.

Alimlisha mkewe mchicha wa lengalenga bila mafuta na chai bila maziwa wala sukari. Maziwa yaliyochacha ya mashanza, ambayo Martine aliyapenda kuliko sala zote za shirika, yalipigwa marufuku kabisa. Martine alivumilia kwa kuwa alimwona mume wake amepata la kufanya, na mwanaume asiye na la kufanya nyumbani ni ugonjwa wa pili.

"Uvimbe itakufa na njaa," alimwambia, "na miye nitaisindikiza."

Kweli akapungua. Mashavu yalikwenda, mikono ikafuata, kitenge kikawa kinamzunguka mara mbili. Uvimbe haukupungua hata kidogo.

Mwezi uliofuata daktari Elodie alitazama mizani, akamtazama Martine, kisha akamtazama Déogratias. "Amekuwa mwepesi mno. Sindano zitamwangusha. Hatuwezi kuanza."

Déogratias akamweleza kazi aliyofanya, kwa fahari, kama anamwelezea patroni, mwenye jumba, jinsi alivyofukuza wezi. Daktari hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. Alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Papa, hawa wajumbe hawatoki mu sufuria. Mwili wenyewe unawatengeneza. Na huu uvimbe hauwahitaji hata hao. Vipokezi vimesongamana ukutani kama watu kwenye bomba la maji. Vinagusana vyenyewe, na vikigusana tu, kelele inaanza ndani: kua, kua. Haizimiki."

"Inje hakuna mutu?"

"Hakuna."

"Kengele inalia yenyewe."

"Yenyewe."

Déogratias alitazama mikono yake. "Sasa zamu anafanya nini?"

"Zamu hana la kufanya, papa. Ni ile dawa."

"Na dawa?"

"Bado. Sijui lini."

Alasiri ile alikwenda kwa Cibalonza, akamkuta anamenya mihogo. "Maman, nakuja kuomba sufuria."

Cibalonza alikuwa na matusi ya mwezi mzima yaliyoiva vizuri. Alimtazama, akayameza. "Kuku ama mashanza?"

"Byote."

Wamama wakaja, wakaimba. Martine akaonja kijiko cha mashanza, akaonja cha pili, akalisukuma bakuli kwa mumewe.

"Kula weye. Tumbo yangu ilishazoea kufungiwa."

Déogratias alikula, kwa sababu wamama walikuwa wanatazama.

Kesho yake, Nyalukemba, patroni alitaka kutoka; klaksoni ya gari lake ililia, na lango likachelewa kufunguka. Patroni alishusha kioo. Déogratias alikuwa bado ameegemeza sikio kwenye chuma cha lango.

"Déo, unasikiliza nini?"

"Hakuna kitu, patroni," alisema, akivuta komeo. "Hakuna mutu."