Kimya cha Bibi Kilichovuka Tunduma

Nilihitimu masomo ya jioni ya kompyuta hapa Kibaha nikapewa cheti kizito cha kubebwa na watu wawili. Kwa hiyo mdogo wangu aliyeolewa Ndola, Zambia, alipotaka atumiwe faili la sauti ya bibi, ukoo mzima ulinigeukia mimi.

Alikuwa na uvimbe tumboni. Operesheni ilikuwa Ijumaa, naye alikataa kutia saini mpaka apate radhi ya bibi, maana miaka sita nyuma aliondoka bila kumuaga. Bibi yuko kijijini Vihingo, hatoki kitandani, na kwake simu haishiki hata upande juu ya mnazi. Nikaenda kumrekodi.

"Mjukuu wangu, hujambo?" bibi aliiambia simu. Kisha kimya, kama karne nzima.

"Bibi, endelea basi."

"Hebu koma! Huoni namsubiri aitikie?"

Ikawa hivyo. Neno, kimya. Neno, kimya. Mara akacheka peke yake. Mara, baada ya kimya kirefu mpaka kuku wa uani wakaacha kuparura, akasema polepole, "Ungempa jina langu." Nikajisemea, uzee huo. Mwisho akasema, "Nimekuridhia. Nenda."

Dakika ishirini, maneno hayafiki dakika tatu. Na wiki ile mtandao ulikuwa umebanwa nchi nzima: picha hazipandi, sauti hazitoki, hata zile programu za VPN za kuruka ukuta zimezibwa. Mtaalamu nikarudi Kibaha, nikakaa kwangu Maili Moja, nikakata kimya chote, na lile la jina nikalikata, faili likawa jepesi kuliko unyoya. Nikalituma; mstari wa kijani ulitambaa siku mbili, ukakaribia mwisho, ukaganda. Nikiugusa, unarudi mwanzo.

Jumanne jirani yangu, dereva wa lori, alikuwa anaondoka kwenda Zambia. Nikampa memori kadi: akishavuka mpaka pale Tunduma tu, amrushie mdogo wangu kwa mtandao wa kule.

"Kaka, nimebeba saruji, nimebeba mabomba. Sauti ya bibi sijawahi."

"Mizani ya barabarani haitaiona."

"Wewe umejuaje?" Akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Alhamisi mchana mdogo wangu alipiga simu ya kawaida. Hizo zilikuwa bado zinapita.

"Shikamoo kaka. Nimeshatia saini." Akavuta pumzi. "Nani alimwambia bibi?"

"Alimwambia nini?"

"Mimba yangu iliyotoka. Anayejua ni mume wangu tu. Bibi kila akinyamaza nilikuwa namwitikia, si ndivyo alivyotaka? Nikamweleza. Akasema ningempa mtoto jina lake."

Vinyweleo vilinisimama mpaka vya masikioni. Neno lile si nililikata? Nikafungua kompyuta. Kumbe kwenye kadi nilinakili faili la mwanzo, lenye kimya chote. Kosa la mhitimu.

Jumapili, mgonjwa akiwa ameshaamka salama, nilirudi Vihingo.

"Bibi, habari ya mimba uliipata wapi?"

Alinitazama kama anayetazama mtoto mzito wa kuelewa. "Si aliniambia mwenyewe? Na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo, umeshika kidude chako."

Nikacheka. Bibi hakucheka. Alinyamaza, akageuzia uso mlangoni, akasubiri, kisha akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Anasema anaendelea vizuri," akaniambia.