Waya Aliousugua Mama

Harufu ya ndimu na jivu mpaka leo hunipandisha hasira na machozi kwa pamoja. Mama alikuwa akimsugulia masufuria ya shaba mpika halua mmoja pale Wete, na uani kwetu shaba nyeusi haikulala. Ndimu, chumvi, jivu na kumbi la nazi, basi sufuria hung'ara hadi ukajiona uso. Shaba chafu, akisema, ni aibu ya mwanamke. Vuli ile nikiwa kidato cha pili, aibu hiyo nusura initoe kwenye sayansi.

Bi Zuwena, mwalimu wetu wa kemia, alikuwa akipigania chumba cha maabara. Mwalimu mkuu alitaka kukifanya ghala la madawati mabovu. Alimpa nafasi moja: aonyeshe kuwa mle ndani pana kitu kinachofanyika, la sivyo kifungwe na sisi tuhamishiwe masomo mengine. Bi Zuwena akaamua kuitumia haidrojeni kuivua oksijeni oksaidi ya shaba, ule weusi wa shaba iliyoungua, irudi kuwa shaba nyekundu. Weusi wenyewe hakuwa nao, kwa hiyo nikatumwa mimi. Nikachoma nyaya za shaba kwenye makaa, nikakwangua unga kidogo, nyaya zilizobaki nikaziacha kwenye ungo nizikwangue kukicha. Asubuhi nikazikuta zinametameta.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekusitiri. Uende skuli na shaba nyeusi, watu waseme kwenu hamna mama?"

Nililia njia nzima. Hata hivyo nilizichukua na zile nyaya, maana kumwonyesha mtu kosa ni afadhali kuliko kumsimulia.

Mbele ya darasa na mwalimu mkuu, Bi Zuwena aliutia ule unga mdogo ndani ya mrija wa kioo, akapitisha haidrojeni kwanza ifukuze hewa, kwa kuwa gesi hiyo ikichanganyika na hewa hulipuka, kisha akawasha taa ya spiriti chini ya mrija. Spiriti ilikuwa imebaki kidogo, moto mnyonge. Tukangoja. Unga ukabaki mweusi tii.

"Bi Zuwena, hii ndiyo kemia yako?" mwalimu mkuu akacheka. "Nyeusi imeingia, nyeusi imekaa. Hata mkaa wa kwangu hugeuka jivu."

Bi Zuwena alizima taa, akaacha mrija upoe, akanigeukia. "Lete huo waya wa mama yako." Akaupiga tupa, chembe zinazong'aa akazichanganya na unga, akafukuza hewa upya, akawasha. Haukupita muda, pembeni mwa chembe pakatokea wekundu, ukatambaa kama kutu, na mdomoni mwa mrija yakakaa matone ya maji.

"Haidrojeni hutembea wawili wawili, wameshikana," alitueleza. "Kwa moto mdogo hawaachani. Wakitua juu ya shaba safi huachana, na kila mmoja akawa huru kwenda kuchukua oksijeni kwenye ule weusi. Shaba yenyewe haipungui. Hicho ndicho kichocheo. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mwalimu mkuu alitazama matone, akatoka. Chumba kikabaki chetu. Jioni nilimwambia Mama kuwa waya wake ndio uliofanya kazi. "Kwani nilikwambia nini?" akasema, akaendelea kusugua.

Leo binti yangu yuko kidato cha pili, skuli ileile. Mlinganyo wa haidrojeni na oksaidi ya shaba anausema kama sura fupi ya Kurani. Juzi akaniuliza: "Mama, kweli huwa nyekundu?" Damu ikanichemka. Nikaenda skuli. Vifaa vipya vimo maabara, nimevichungulia dirishani, vingine bado vimo kwenye maboksi.

"Bi mkubwa," kijana wa ofisini akaniambia, "mtihani ni wa kuandika. Na ufunguo hatujui anao nani."

Sisi tulikuwa na moto usiotosha na mwalimu asiyekubali kushindwa. Hawa wana kila kitu, nyuma ya kitasa. Nikamwambia kesho narudi na akina mama wenzangu, na seremala.