Piko la Siku ya Kupigwa Picha Vidole

Haya, nitawaambia, lakini mcheke kwa adabu, maana mpaka leo nikipita karibu na ile kliniki ya Changamwe uso huniwaka moto.

Vidole vyangu mnavijua, vikishika baridi hugeuka vyeupe kama vya maiti, kisha buluu, na marehemu mamangu alianza hivyohivyo kabla mikono yake haijakakamaa akashindwa hata kukunja ngumi, basi daktari akanipa miadi ya kupigwa picha ile mishipa midogo ya damu iliyo kwenye ngozi ya shina la kucha. Siku moja kabla, kukawa na harusi mtaani Ziwa la Ng'ombe, wifi yangu akasema "lete mikono," nami (kwa kuona haya kusema naumwa) nikaileta, akanipaka piko, ile rangi nyeusi ya urembo, mpaka kwenye shina la kucha.

Kesho yake, kwenye foleni ya kliniki, mama mmoja aliyetoka ndani akasimulia kwamba wanakutia tone la mafuta kwenye ngozi, kisha kamera inachungulia. Nikatazama vidole vyangu: kwa piko lile, kamera itaona nini? Nikamwambia mume wangu, Baba Rehema, naenda msalani, kumbe naenda kusugua. Nikasugua kwa sabuni, kwa kucha, kwa pindo la buibui, maji yenyewe baridi ajabu, piko halikutoka ila vidole ndivyo vilivyokufa, vyote, vikauma hata nikashindwa kufungua komeo. Nikapiga ukelele.

Mlango ukavunjwa, jamani. Nusu ya foleni ikaniona nimelowa, mapovu hadi kwenye mtandio, nalia. Baba Rehema akaja mbio. Akafungua vifungo vya shati palepale, akanitia mikono makwapani mwake, akaibana.

"Baba Rehema, watu!"

"Waache watazame. Tulia, ipate joto."

Bibi mmoja akasema kwa sauti, "Mashallah! Wangu mie hata shuka hanipi." Kicheko kikalipuka, nami nimenaswa makwapani, siwezi hata kujifunika uso.

Ndani, skrini ikawa giza tupu. "Rudi piko likiisha, mama," daktari akasema, "na ungetuambia tu."

Tuliporudi niliiona mishipa yangu, myembamba, imejipinda na kujipanga kama pini za nywele. Miwili mitatu imevimba kidogo, lakini daktari akasema si ya kutisha, tutakuwa tukiiangalia. Aliyelia ni Baba Rehema.

Basi nimeapa, wallahi: maradhi yangu sitamficha wifi wala jirani, na nikiitwa kupimwa chochote, nitauliza kwanza nije vipi.